Tairi la Tano: Je, Litashuka Siku Ukilihitaji?

Ilikuwa saa tano za usiku. Pikapu ya chama cha ushirika ilikuwa njiani kutoka kijijini kwenda hospitali ya wilaya. Mbele alikaa dereva, na katikati mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu mchana. Muuguzi wa zahanati alikaa upande wa mlango. Nyuma, kwenye bodi, walikaa utingo na mume wa yule mama.

Walipofika katikati ya pori walisikia mlio mkubwa, paa! Gari liliyumba. Dereva alilidhibiti, akalisimamisha kando ya barabara. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limekaa chini kabisa.

"Msiwe na wasiwasi," alisema dereva. "Spea ipo. Dakika ishirini tu, tunaondoka."

Kweli, spea ilikuwepo. Ilining'inia chini ya bodi, kama ilivyoning'inia miaka yote. Utingo akaingiza fimbo ya kuzungushia. Akazungusha. Haikwenda. Dereva naye akajaribu. Haikwenda. Matope ya masika manne yalikuwa yamekauka kama saruji. Kutu nayo ilikuwa imegandisha mnyororo na winchi yake.

"Mwanangu, bado?" aliuliza muuguzi.

"Vumilia kidogo mama. Imeganda tu."

"Mimi naweza kuvumilia. Huyu anayekuja hawezi."

Waligonga, wakamwagia maji, wakavuta. Saa mbili zilipita kabla mnyororo haujalegea. Tairi lilipofika chini, utingo alilibonyeza kwa mguu. Likabonyea. Halikuwa na upepo.

Mtoto alizaliwa pale pale kando ya barabara, kwa mwanga wa tochi. Gari jingine lilipita alfajiri, likawachukua. Mama na mtoto walisalimika, kwa kuwa muuguzi alikuwa hodari na bahati nayo ilikuwepo. Lakini nani anapanga safari kwa kutegemea bahati?

Ndugu msomaji, kisa hiki tumekitunga. Hata hivyo, waulize madereva wa barabara za vumbi. Wengi watakuambia kwamba sehemu yake moja au nyingine imewahi kuwapata. Dereva wetu hakuwa mvivu. Asubuhi ile alipima maji na oili. Alitazama matairi manne. La tano hakulitazama, kwa sababu liko uvunguni na halionekani. Basi leo tuzungumze juu ya hilo tairi la tano: jinsi linavyokaa chini ya pikapu, jinsi ya kulishusha, kulikaza na kulilinda.

KWA NINI LIKAE CHINI?

Watu wengine huuliza: kwa nini tairi la akiba lisiwekwe juu, tukaliona?

Sababu ya kwanza ni nafasi. Bodi ya pikapu ni ya mzigo. Tairi moja likilazwa pale, linachukua nafasi ya magunia. Tena, mzigo ukipangwa juu yake, siku ya pancha itabidi kushusha magunia yote kwanza.

Sababu ya pili ni uzito. Tairi la pikapu pamoja na rimu yake ya chuma lina uzito wa kilo 20 hadi 30 hivi. Uzito huo ukikaa chini, gari hutulia zaidi kuliko ukikaa juu. Na kama tairi limelala bodini bila kufungwa, gari likifunga breki ghafla litasukumwa mbele na kuwaumiza watu waliokaa humo.

Sababu ya tatu ni jua. Jua kali huharibu mpira. Chini ya gari kuna kivuli.

Kwa hiyo chini ni mahali pazuri. Lakini pana adui watatu: kutu, kuisha upepo, na mwizi. Wote watatu hupenda mahali pasipotazamwa.

JINSI TAIRI LINAVYOSHIKILIWA

Inama nyuma ya pikapu utazame. Utaona mihimili miwili mirefu ya chuma iliyobeba gari zima. Hiyo ndiyo chasisi. Katika pikapu nyingi, tairi la akiba limelala kati ya mihimili hiyo, nyuma ya ekseli.

Pikapu nyingi za siku hizi hutumia winchi. Winchi ni mashine ndogo iliyofungwa kwenye chasisi, juu ya tairi. Kutoka kwenye winchi hushuka mnyororo, au waya mnene wa chuma. Mwisho wa mnyororo kuna bamba la chuma. Bamba hilo hupitishwa kwa ubavu katika tundu la katikati ya rimu, kisha hulazwa. Likishalala haliwezi kurudi juu, kama vile kishikizo kinavyokataa kutoka katika tundu la shati. Ukizungusha winchi, mnyororo hujikunja ndani, na bamba huinua tairi mpaka libanwe kwenye chasisi.

Fimbo ya kuzungushia huwekwa pamoja na jeki. Mara nyingi iko nyuma ya kiti au chini yake, na huwa vipande viwili au vitatu vya kuunganisha. Huingizwa katika tundu dogo lililo nyuma ya gari, karibu na bampa.

Pikapu nyingine, hasa za zamani, zina kitanda cha chuma. Upande mmoja wa kitanda una bawaba kama mlango. Upande wa pili umeshikwa kwa ndoano na bolti. Ukilegeza bolti, kitanda hushuka na tairi lake.

Usisubiri pancha ndipo ujue gari lako lina aina gani. Jifunze ukiwa nyumbani, mchana, huna haraka.

KULISHUSHA TAIRI

Fanya kazi hii kwa mpango. Watu wameumia kwa kuruka hatua moja tu.

1. Simamisha gari mahali tambarare, pagumu, mbali na kona. Zima injini. Vuta breki ya mkono na uingize gia.

2. Washa taa za tahadhari. Weka pembetatu za kuwaonya wenzako, mbele na nyuma, mbali ya kutosha ili anayekuja aweze kupunguza mwendo. Wengi wetu huweka matawi ya miti barabarani. Ukiweka matawi au mawe, yaondoe kabla ya kuondoka. Jiwe uliloliacha wewe ni ajali ya mwingine.

3. Shusha abiria wote wasimame nje ya barabara.

4. Weka mawe au vipande vya mti mbele na nyuma ya gurudumu lililo zima, ili gari lisisogee.

5. Shusha spea kwanza, kabla ya kuliinua gari kwa jeki. Ingiza fimbo mpaka uhisi imeshika. Katika gari nyingi, kuzungusha kinyume cha mwendo wa saa hushusha tairi. Endelea mpaka tairi lilale chini na mnyororo ulegee. Kisha geuza bamba kwa ubavu na ulipitishe katika tundu la rimu.

6. Vuta tairi kutoka nyuma. Iwapo gurudumu la nyuma ndilo lililopata pancha, gari hukaa chini na spea huweza kubanwa. Hapo inua gari kidogo kwa jeki, kisha vuta tairi kwa ndoano au kwa fimbo. Usiingize kichwa wala kifua chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Jeki huzama katika udongo laini. Ndiyo maana dereva mwenye busara hubeba kipande cha ubao mnene cha kuwekea jeki.

7. Legeza nati za gurudumu bovu nusu mzunguko, gari likiwa bado chini. Ndipo uinue. Wakati unafanya kazi, laza spea chini ya chasisi, karibu na jeki. Jeki ikianguka, gari litakalia tairi, halitakukalia wewe. Ukishatoa gurudumu bovu, libadilishe na spea: bovu liende chini ya chasisi, zima lifungwe.

8. Rudisha nati kwa mkono, upande uliochongoka ukitazama rimu. Shusha gari. Sasa kaza kwa nguvu, ukienda msalaba: nati ya juu, kisha ya chini, kisha za pembeni. Ukishatembea kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena.

KULIRUDISHA NA KULIKAZA

Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Wamechoka, mikono ina matope, wanataka kuondoka. Wanazungusha mara chache, wanaona tairi limepanda, wanasema, "Tayari." Kumbe halijabana.

Fikiri kidogo. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni mita 22 kwa kila sekunde moja. Mnyororo ukikatika, kile kitu cha kilo 20 au 30 kinaanguka barabarani huku kikienda kwa mwendo ule ule. Nyuma kuna mwendesha baiskeli. Nyuma yake kuna watoto wanaotoka shule. Tairi halina breki wala honi.

Kwa hiyo fanya hivi:

Laza tairi chini ya gari katikati, jinsi kitabu cha gari kinavyoonyesha. Kama kitabu hakisemi na nafasi inaruhusu, lilaze ili valvu, yaani mdomo wa kutilia upepo, ufikiwe kwa mkono kutoka chini. Utapima upepo bila kulishusha.

Pitisha bamba katika tundu la rimu. Hakikisha limelala sawa, halikukaa upande. Bamba lililokaa upande huonekana limeshika, lakini barabara mbovu ikilitikisa, hugeuka na kuchomoka.

Zungusha polepole. Tazama tairi likipanda. Lisiguse bomba la moshi, wala bomba la mafuta, wala mabomba ya breki. Likipanda upande upande, lishushe uanze upya.

Endelea kuzungusha mpaka likaze. Winchi nyingine hutoa mlio wa "ka, ka, ka" au huteleza kidogo zinapofikia mwisho. Ukisikia hivyo, inatosha. Usiongeze bomba refu kwenye fimbo ili upate nguvu zaidi. Utaivunja winchi.

Sasa fanya jaribio la mwisho. Shika tairi kwa mikono miwili. Lisukume. Livute. Litikise kulia na kushoto. Likicheza hata kidogo, halijakazwa. Tairi linalocheza husaga mnyororo kila gari linapopita kwenye shimo. Leo linacheza kidogo, mwezi ujao litaanguka.

ADUI WA KWANZA: KUTU

Magurudumu ya nyuma hurusha matope moja kwa moja kwenye winchi. Wale wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mbuga wanajua: tope lile likikauka halitoki kwa kufuta. Tope hushika maji, na maji huleta kutu. Pwani kuna adui mwingine, chumvi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu.

Msidhani shida hii ni ya magari mabovu ya vijijini tu. Mwaka 2010 kampuni ya Toyota iliyaita huko Marekani magari yapatayo 600,000 ya aina ya Sienna ili yakaguliwe. Sababu ilikuwa waya unaoshikilia tairi la akiba chini ya gari. Katika majimbo ya baridi kali, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo iliweza kuula waya mpaka ukakatika, na tairi likaanguka njiani. Kama kutu inaweza kufanya hivyo katika barabara za lami, je, kwetu?

Dawa yake ni rahisi, na haihitaji fundi. Kila baada ya miezi mitatu shusha tairi mpaka chini, hata kama hulihitaji. Wakati wa masika fanya hivyo kila mwezi. Osha winchi na mnyororo kwa maji mengi. Sugua kutu kwa brashi ya waya. Acha vikauke. Kisha paka mnyororo oili au grisi kidogo, na tia matone machache mahali pa kuingizia fimbo. Kama gari lako lina waya badala ya mnyororo, upitie wote kwa macho na kitambaa. Ukikuta nyuzi zimekatika na kuchomoza kama miiba, ubadilishe. Hauna dawa.

Angalia usipake mafuta kwenye tairi lenyewe. Oili, dizeli na grisi huharibu mpira.

Na ikiwa winchi imekwisha ganda? Tia mafuta ya kulegeza kutu. Usipokuwa nayo, tumia dizeli. Acha usiku mzima. Asubuhi gongagonga taratibu kwa nyundo ndogo, kisha zungusha mbele kidogo, nyuma kidogo. Usilale chini ya tairi wakati wa kugonga. Kitu kilichoganda kwa miaka huachia bila kupiga hodi.

ADUI WA PILI: KUISHA UPEPO NA KUZEEKA

Tairi hupoteza upepo polepole, hata kama halina pancha. Matairi manne ya kutembelea, ukiyatazama utaona yamelegea. La tano limening'inia, halikandamizwi na uzito wa gari. Kwa hiyo linaonekana nene na zima hata likiwa limepungukiwa sana. Macho hayatoshi hapa. Tumia kipimo.

Sasa, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, elimu yako ina kazi. Fungua mlango wa dereva. Tazama kwenye nguzo ya mlango. Katika magari mengi kuna karatasi iliyobandikwa, yenye namba za upepo wa matairi. Kipimo kinachotumika sana ni PSI, yaani pauni za nguvu kwa kila inchi moja ya mraba. Tuseme karatasi inasema mbele 30, na nyuma 40 gari likiwa na mzigo. Spea uijaze 40. Kwa nini? Kwa sababu hujui itakwenda mbele au nyuma. Kupunguza upepo njiani ni kazi ya kidole. Kuongeza upepo porini ni kazi ya pampu, nayo huenda huna.

Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kabla ya safari ndefu pima tena.

Soma pia ubavu wa tairi. Tafuta herufi DOT. Baada yake kuna herufi na namba, na mwisho wake ni tarakimu nne. Wakati mwingine tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo tazama pande zote mbili. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 3521 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kwa nini ujue? Kwa sababu mpira huzeeka hata usipotembea. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike likipita miaka 10 tangu lilipotengenezwa. Spea iliyokuja na gari inaweza kuwa na vinyweleo vyote vya upya, na bado ikawa bibi kizee. Ukiona nyufa ubavuni, usiiamini kwa safari.

Jambo jingine. Ukipata pancha, tairi bovu likapanda mahali pa spea, huna spea tena. Umebeba mzigo tu. Lipeleke likazibwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Wengi husema, "Nitaziba mwisho wa mwezi." Msumari hausomi kalenda.

ADUI WA TATU: MWIZI

Mwizi wa spea hahitaji kuvunja mlango. Anaingia uvunguni, anazungusha, anaondoka. Wewe utajua siku ya pancha.

Njia iliyo nafuu ni mnyororo mnene na kufuli. Pitisha mnyororo katika tundu la rimu, uzungushe kwenye mhimili wa chasisi, kisha funga. Usiuzungushe kwenye bomba la breki, la mafuta au la moshi. Ufupishe ili usipigepige. Mnyororo huu una faida mbili. Unamzuia mwizi. Tena, ule wa winchi ukikatika njiani, huu hulidaka tairi lisianguke barabarani.

Kufuli nalo hupigwa na matope. Lifunike kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi la zamani, tia tone la oili katika tundu la ufunguo, na lifungue kila mwezi ili lisigande.

Ufunguo ukae wapi? Hili ni swali kubwa. Ufunguo mmoja usafiri na gari, pamoja na fimbo na jeki. Wa pili ukae kwa katibu au mwenye gari. Dereva aliyeacha ufunguo nyumbani, yuko sawa na yule aliyeibiwa.

Kuna wenye magari waliochoka na wezi, wakaamua kuichomelea spea kwenye chasisi kwa moto wa welding'i. Mwizi hakuipata. Nao pia hawakuipata! Kila ulinzi unaoweka, jiulize: je, mimi mwenyewe nitaweza kuufungua usiku, kwenye mvua, kwa dakika tano?

Tia alama yako kwenye rimu, kwa rangi au kwa kupiga namba ya gari. Usiku egesha gari nyuma ikiegemea ukuta, mwizi akose nafasi. Na usinunue spea ya bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiyejulikana. Leo umenunua ya mwenzako, kesho ataiuza ya kwako.

NANI AANGALIE, NA LINI?

Gari la mtu mmoja lina mtu mmoja wa kuulizwa. Gari la chama au la kijiji lina wengi, na mara nyingi la wengi halina mwenyewe. Dereva anadhani utingo ameangalia. Utingo anadhani fundi ameangalia. Fundi hakuambiwa.

Dawa ni daftari. Daftari dogo la shule linatosha. Likae ndani ya gari. Andika hivi:

Kila safari: spea ipo, haichezi, kufuli limefungwa, ufunguo upo, jeki na fimbo vipo.

Kila mwezi: upepo umepimwa, namba yake iandikwe. Kufuli limefunguliwa na kufungwa.

Kila miezi mitatu: tairi limeshushwa, winchi na mnyororo vimeoshwa na kupakwa mafuta, tairi limekaguliwa ubavu na meno yake.

Mwisho wa kila mstari aliyekagua aandike tarehe na jina lake. Hapo hakuna wa kusema, "Nilidhani fulani ameangalia."

Kazi ya kila safari ni ya dakika mbili. Kazi ya miezi mitatu ni ya saa moja. Yule muuguzi wetu alipoteza saa mbili usiku mmoja, na karibu angepoteza zaidi ya saa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, usiukunje kwanza. Kama unaendesha pikapu, toka nao nje, uiname, utazame. Kama huendeshi, lakini mgonjwa wako au mazao yako husafiri katika pikapu ya mtu, muulize dereva kwa upole kabla hamjaondoka: "Kaka, spea inashuka?"

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini inafaa kushusha spea kabla ya kuliinua gari kwa jeki?
2. Kwa nini macho peke yake hayawezi kujua kama tairi la akiba lina upepo wa kutosha?
3. Ubavu wa tairi umeandikwa 0718. Lilitengenezwa lini? Sasa lina umri gani?
4. Katika gari la kijiji chenu au la chama chenu, nani ana ufunguo wa spea? Daftari la ukaguzi lipo?